Wapishi wa Chini ya Ngozi

Usiku wa kuamkia leo niliota sabuni imeniweka kitako bafuni, ina neno na mimi.

Si sabuni ya uso. Ni ile ya mche, ya bluu, ya kufulia, ambayo wiki nzima hii nimekuwa nikijisugulia uso mara tano kwa siku kama ninayesugua sufuria. Ilikaa juu ya mfuniko wa ndoo. Ilikuwa imekonda, maskini, mpaka nikaona haya.

"Somoe," ikasema, "mimi ni wa mashuka. Kola za mashati, sawa. Soksi, shingo upande, lakini sawa. Uso wa mtu mimi unanihusu nini?"

Nikaieleza kwa adabu, maana nilijua nina kosa. Jumamosi naolewa. Uso wangu una mafuta; saa nne asubuhi paji linawaka, ikifika saa sita juu ya pua ungeweza kukaangia kitunguu. Na picha zitapigwa. Watu wanadhani nataka urembo tu, ila si hivyo. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitatu, akaacha picha moja, ipo ukutani sebuleni. Mwanga wa kamera ulipiga mafuta ya uso wake ukarudi wote. Kuna kilemba, kuna gauni, kuna mikono imepakatwa, na kati ya kilemba na gauni kuna weupe mtupu. Miaka ishirini na nne naiangalia ile picha na sura ya mama siijui. Sitaki na mwanangu mimi aje kuoneshwa weupe, aambiwe huyo ndiye mama.

"Hilo neno," sabuni ikasema. "Twende basi ukaone unachokifanya."

Tukaingia kwenye kitundu kimoja cha ngozi, pembeni ya pua, upande wa kushoto. Mlango ulikuwa mwembamba, lakini sabuni iliteleza nami nikaifuata nyuma.

Ndani ni jikoni. Naona makarai yamepangwa mpaka macho yanakoma, na wanawake waliojifunga kanga kiunoni wanapika mafuta. Mmoja mnene ana upawa mkononi, ndiye mkuu wao. Wanamwita Bi Paji, kwa sababu kazi aliianzia kwenye paji la uso. Kwenye mkeka pembeni amekaa chunusi, mzee mwekundu, kajiinamia. Nanyoosha mkono nimsalimie.

"Usimguse," asema Bi Paji. "Ukimwacha, Alhamisi anaondoka mwenyewe. Ukimgusa ataita ndugu zake."

Nikarudisha mkono. Chunusi akanishukuru.

Mara maji yakamwagika juu ya paa, na kitu kikaanza kuisugua dari kwa nguvu zote. Chokaa ikatuangukia. Kupitia ufa niliuona mkono, nikautambua. Wangu.

"Ya tano hiyo leo," mmoja wa wapishi anasema.

Bi Paji anagonga karai kwa upawa. "Mtoto kapauka huko nje. Ongezeni moto."

Wanaongeza moto. Mafuta yanapanda, yanapita kwenye ufa, yanatoka nje.

"Samahani, bibi," nikasema. "Mtoto gani?"

"Wewe."

"Mimi nina miaka ishirini na saba. Na kupauka sijui ni nini, nang'aa mpaka watu wananiuliza kama natoka jasho. Nani kawapa kazi hii?"

"Mama yako," akasema. "Siku anakwenda hospitali alikupaka mafuta, akatuita. Akasema, sijui nitarudi lini. Huyu asitoke nje kapauka hata siku moja, watu wasije wakasema hana mama. Tangu hapo hatujalala. Ukisugua, sisi huku tunaona umekauka, tunapika. Unasugua tena, tunapika tena. Wiki hii umetumaliza, mwanangu."

Nilisimama pale na sabuni yangu. Mafuta haya nimeyachukia tangu darasa la sita. Nimeyatukana mbele ya kioo, tena matusi ya kutunga mwenyewe. Niliona uchungu, na papo hapo nikawa na maswali chungu nzima.

"Mnaweza kupunguza?"

"Kwa nini tushindwe? Kwani sisi tunapenda joto hili? Osha mara mbili, asubuhi na jioni, na sabuni ya uso, si huyu."

"Ahsante," sabuni ikasema.

"Jifute kwa kugusagusa, usisugue. Kisha jipake losheni nyepesi, kidogo."

"Nina mafuta hivi, nijipake tena?"

"Ukipakwa kidogo kwa nje, huku habari zinafika kwamba mtoto ana mtu. Moto tunapunguza wenyewe. Hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Niliambiwa ndimu, majivu na sabuni ya mche.

"Na Jumamosi, mbele ya kamera?"

Akachomoa kiunoni karatasi ya kufungia maandazi. Ilikuwa ukurasa wa daftari la shule, insha juu ya ng'ombe, alama saba kwa kumi. "Bandika, hesabu tatu, bandua. Inanyonya mng'ao. Usisugue tu."

Nageuka nimshukuru, jiko halipo. Nipo sebuleni kwetu, mchana, karatasi mkononi, picha ya mama mbele yangu.

Nikaitazama karatasi, nikaitazama picha. Hakuna aliyesema ni kwa uso wangu peke yake. Nikapanda kiti, nikaibandika juu ya ule weupe. Moja. Mbili. Tatu.

Karatasi inalowa mafuta, inaanza kuonesha upande wa pili. Ng'ombe anafifia, alama saba zinafifia. Naona nyusi, na nyusi zenyewe ni zangu. Macho yamefumbwa. Shavu la kulia limetuna, mdomo umejaa. Mama anatafuna.

"Ngoja nimeze," akaniambia.

Nikangoja. Ningengoja hata mwaka. Nikaamka.

Jikoni mama mdogo Hadia alikuwa anakaanga maandazi ya wageni wa harusi. Ni mdogo wake mama, ndiye aliyenilea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umeamka hivyo?"

"Ile picha ya mama. Siku anapigwa, alikuwa anakula nini?"

Upawa ukasimama. "Nani kakwambia alikuwa anakula?"

"Nauliza tu. Shavu la kulia."

Andazi likaanza kuungua, hakuligeuza.

"Kashata," akasema. "Tulikuwa mimi, yeye na mpiga picha, na mpiga picha naye ameshatangulia mbele ya haki. Kashata nilimpa mimi. Akamwambia yule bwana, ngoja nimeze. Bwana hakungoja. Sijawahi kumwambia mtu, Somoe. Picha yenyewe moja, na mimi nikaona nimeiharibu kwa kashata." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Hukuiharibu," nikamwambia. "Kapendeza."

Akaninyanyulia uso kwa kidole, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Hebu ona ulivyojichubua na masabuni yako. Umepauka kweli leo."

Nikalishusha kopo la losheni rafuni, nikakaa kwenye kigoda mbele yake, kama enzi za kwenda shule.

"Nipake," nikasema. "Kidogo tu, wapate habari."

Hakuniuliza kina nani. Akapangusa mikono, akanipaka.