Baibui la Arabuni

Tangu mdogo wake arudi kutoka Arabuni, alikokuwa mtumishi wa ndani, Mashoto hakuwa na raha. Alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alilipata kwa kushonea mkono wa kushoto. Alimwonea wivu. Miaka yote mama alimsikiliza yeye, sasa kila jambo ni, "Muulize mwenzako, kaishi kwa wenye dini."

Na mwenzako huyo hakujivunga. Mwanamke kufungua duka la ushonaji katikati ya wanaume, haifai. Mtandio wa maua si stara. Hata mkono hakuuacha.

"Dada, kule wanasema mkono wa kushoto hauna baraka."

"Aliyenipa ni Mungu," Mashoto akajibu. "Na Uislamu si Uarabu, bibi wee!"

"Astaghfirullahi!" mama akamaka, na maneno yakaishia hapo.

Mashoto alikuwa amemshonea mama gauni la kijani la kuvaa kwenye harusi ya mjukuu. Siku moja akalikuta limetupwa juu ya kabati. Mama alikuwa amekumbatia baibui jeusi, zawadi ya mdogo mtu.

"Linanukia Arabuni," mama akasema. "Hebu tazama pindo hili, mwanangu, ujifunze kwa wenzako. Nipunguzie urefu tu."

Mashoto akaligeuza pindo. Nyuzi za pindo zililala upande ambao fundi mwingine yeyote halazi. Baibui hilo alilishona mwenyewe mwezi uliopita, akaliuza kwa duka la mtaa wa pili. Kumbe mdogo wake alirudi bila kitu. Mkono mtupu haulambwi, naye alilijua hilo, ndiyo maana akapitia dukani kabla ya kufika nyumbani.

"Mama, hili nimelishona mimi."

Mama akacheka mpaka akajifuta machozi. "Wivu huo, mwanangu! Hata cha Waarabu unataka kiwe chako?"

Mashoto akamgeukia mdogo wake aliyeketi pembeni. Neno lake moja tu lingetosha. Mdogo mtu aliukodolea macho mkeka, viganja vilivyochunwa na sabuni za watu amevificha kwapani. Mashoto alishaviona, akameza alilotaka kusema. Wivu haukumtoka, ila ulimwuma vingine.

Akatunga uzi, akashika sindano kwa mkono ule ule usio na baraka.

"Taratibu," mama akamwonya, "usije ukaniharibia kazi ya watu."