Siku Bi Wymark Alipobebwa Akiwa Hai

Kitu cha kwanza Hawise alichokiona kwa mjumbe wa askofu ni viatu vyake: ngozi laini, safi, bila hata tone la tope. Akajua papo hapo kwamba mtu huyu amepita barabara ya bondeni, si njia ya maiti ya kinamasini.

Mjumbe alikuja kuamua jambo moja: kama kijiji kipewe makaburi yake. Kanisa la mawe la Thornwick lilijengwa na babu zao, na kila Jumapili watu walisali humo, lakini halikuwa na ruhusa ya kuzika. Aliyekufa alibebwa mabegani kuvuka kinamasi hadi makaburi ya Kirkholm. Gunnild, mama yake Hawise, alikuwa kitandani tangu Pasaka, na swali lake lilikuwa lile lile: "Mtanipitisha kule?"

Padri Osbert wa Kirkholm, ambaye hakutaka kupokonywa waumini, alisimama mlangoni akicheka. "Njia mbaya ipi? Mimi huivuka kwa farasi na uji wangu haujapoa."

Watu wakanung'unika chini chini. Hawise, ambaye majirani walimtania kuwa hata kuku wake wanamzidi maneno, alijikuta amefungua kinywa.

"Maiti hapandi farasi, Padri. Bebeni wenyewe muone."

Mjumbe akatabasamu. "Kweli. Leteni machela. Tumbebe nani?"

"Mimi hapa!" Bi Wymark, mpika bia, mnene kuliko mapipa yake, akajilaza. "Ila ukiniangusha, Padri, bia yangu utaisikia kwa wenzio!"

Wakaondoka, mjumbe na padri mbele, watumishi wao wawili nyuma, kijiji kizima kikifuata. Mlima wa kwanza tu, padri alihema kama mvukuto. Kwenye kinamasi mguu wake ukazama hadi gotini, ukatoka bila kiatu.

"Taratibu, baba, marehemu anasikia baridi!" Bi Wymark akalalamika juu ya machela.

"Marehemu hunyamaza!" padri akafoka.

"Mzikeni kwao, atanyamaza!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Hata mjumbe alicheka. Ndipo machela ikapinduka, Bi Wymark akaanguka topeni kwa kishindo. Kicheko kikakatika, kila mtu alimkumbuka marehemu wake aliyepitishwa pale.

Mjumbe, tope hadi kifuani, akamgeukia Hawise. "Huwa hivi?"

"Sasa ni kiangazi, bwana mkubwa. Ungekuja wakati wa theluji."

Hawakufika Kirkholm. Mjumbe aliigeuza machela pale pale.

Baada ya mavuno askofu mwenyewe alikuja, akalizunguka kanisa akinyunyiza maji ya baraka, uwanja wake uwe makaburi. Watu waliimba, wakalia, wakapiga kengele hadi kamba ikakatika. Gunnild alitolewa nje na kiti chake, akajichagulia mahali pa kuzikwa: ukuta wa kusini, penye jua. Alichekelea kama msichana aliyepewa shamba.

Hawise akachuchumaa kando yake.

"Mama, ulipokuwa ukiniuliza, nilikuwa nikikwambia tu kwamba utapona. Lakini nilishaamua. Usingepita kule. Ningekuchimbia chini ya kitanda chako kwa mikono yangu, na kanisa linitenge likitaka."