Udongo Laini wa Bondeni

Mafuriko yalipopungua bondeni mwa mto Shari, yaliacha udongo wa kijivu, laini, ambao mama Berthe hakuwahi kuuona kwa miaka yote kumi na tisa ya kuuza pemba. Pemba ni udongo wa kula, na wajawazito wa Bunia hawana mchezo nao. Ule wa zamani ulikuwa na mchanga wa kukwaruza meno. Huu uliyeyuka mdomoni. Berthe aliuchimba, akaufinyanga vipande vya ukubwa wa kidole, akavikausha motoni, na sokoni wanawake wakavigombania. Ilikuwa miaka ile ya amani ya kulala na viatu miguuni, tayari kukimbia, na jambo jema likija, hakuna aliyeliuliza limetoka wapi.

Vipande bora alimwekea Christella, mke wa mwanawe Davy. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika, na hii ya tatu ilikuwa imeingia mwezi wa saba. Kila asubuhi Berthe alipanda hadi mtaa wa Lumumba, akampa kipande kimoja. Alijiona mama mkwe wa kupigiwa mfano, na nani angembishia?

Jumatano moja Dominique, muuguzi wa kituo cha afya, alisimama sokoni mbele ya meza ya Berthe. Alivunja kipande, akakitazama ndani, akakirudisha.

“Mama, hii ulichimba fasi gani?”

“Ku muto, kisha mayi kupunguka.”

“Acha kuuzisha. Kule juu, mvua ilibomoa ukuta wa mine ya zamani. Matope yenye walikuwa wanaoshea zahabu ndiyo ilishuka huku. Iko na sumu. Inaingia mpaka kwa mutoto mu tumbo.”

Berthe aliburuta gunia la pemba hadi shimo la choo cha soko, akalimwaga lote. Alitafuta machozi, hayakuja. Hata hofu hakuisikia. Miguu ikampeleka Lumumba kwa mazoea.

Alimkuta Christella uani, anachambua maharagwe. Berthe hata salamu hakutoa.

“Mwanangu, ule udongo nilikuwa nakupatia iko na sumu. Usikule tena. Dominique amesema.”

Christella hakuinua kichwa. Aliokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa.

“Nilijua, mama. Ku robine, kwenye tunachotaka mayi, walisema, sasa iko juma mbili.”

“Na ulikuwa unakula?”

“Weye ulikuwa unaleta na mukono yako, unaikala chini, unaniangalia mpaka inaisha. Mukazana atakataa kitu ya mama ya bwana yake namna gani? Nilikuwa nameza tu.”

Berthe akaketi chini. Aliweka kiganja juu ya tumbo la mkwewe, akangoja mtoto acheze. Christella akasogeza ungo pembeni, akangoja naye.