Mguu Usiolalamika

Kwenye chumba cha kushonea cha shangazi, sindano ikivunjika hupewi nyingine mpaka uonyeshe vipande vyote vya ile iliyovunjika. Unavipanga juu ya boksi, kimoja mbele ya kingine, halafu shangazi analaza sindano nzima pembeni na kupima kwa jicho. Vikilingana, unapewa mpya. Visipolingana, unapiga magoti na kutafuta. Tunashona sare za shule, na mwaka mmoja ncha ilisahaulika kwenye pindo la sketi ikamchoma mtoto wa mteja. Shangazi aliapa kwamba aibu ile hataionja mara mbili.

Jumanne moja nilivunja sindano nikishona mfuko wa kaptula. Kipande cha juu nilikipata. Ncha sikuiona. Nilipapasa sakafu, nikakung'uta kaptula, nikapekua mikunjo ya gauni langu. Shangazi alikuwa anabishana na mteja juu ya kola, na kumkatiza mtu mzima maneno ni jambo ambalo sijawahi kuliweza. Kwenye kopo la sindano mbovu mlikuwa na ncha nyingi za zamani. Nikachukua moja, nikailaza mbele ya kipande changu. Vikalingana. Shangazi alipomalizana na mteja akatazama, akanipa mpya, akarudi kwenye cherehani yake.

Tunashona miguu mitupu. Cherehani zetu ni za kukanyaga, na shangazi husema mguu wenye kiatu haujui kanyagio linataka nini. Ya kwake inatazamana na yangu, na mlio wake naujua kuliko sauti ya mtu yeyote. Ijumaa mlio ule ulibadilika. Ilikuwa ikienda sawasawa kama mvua juu ya bati. Sasa ilikwenda, ikasita, ikaenda tena. Cherehani ilikuwa inachechemea. Nikainama kama ninayeokota uzi, nikaona kiungo cha kidole gumba cha mguu wake wa kulia kimevimba, chekundu, kinang'aa.

"Hilo jongo," alisema mpiga pasi wetu, mwanamke tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi. "Jirani yangu analo. Shuka tu likimgusa kidole anapiga kelele mpaka mtaa wa pili."

"Jongo linauma," shangazi akajibu. "Mimi siumwi. Mguu huu una adabu kuliko nyinyi wote, haulalamiki."

"Basi ni uzee, shoga."

"Uzee uanzie kidoleni? Hebu piga pasi, huo mdomo utaunguza kola."

Tukacheka. Jioni Redio alimsugua kwa dawa ya misuli, akamkanda kiungo kwa nguvu zake zote, na shangazi aliendelea kuhesabu vifungo. Redio akamsifu kwa uvumilivu. Nami nikamsifu moyoni.

Alhamisi ya wiki iliyofuata mwenye duka la vitambaa aliita nje. Shangazi akavaa ndala, akaenda kupokea mzigo, akarudi nao kifuani. Alipouweka mezani nikaona mguu wa kushoto una ndala na wa kulia hauna.

"Shangazi, ndala yako," nikasema taratibu.

"Imefanya nini?"

"Iko mlangoni."

Akatazama chini. Alikuwa amevuka chumba kizima bila kujua kwamba mguu mmoja hauna kitu. Halafu sote watatu tukaona sakafu. Kutoka mlangoni mpaka mezani palikuwa na alama za unyevu, moja kwa kila hatua ya mguu wa kulia, za rangi ya kutu.

"Umekanyaga rangi?" Redio akauliza, na hakusema neno lingine mpaka tulipofika kituo cha afya.

Daktari alikuwa binti mdogo, pengine umri wangu. Alimlaza shangazi kitandani, akamwambia afumbe macho na aseme "ndiyo" kila atakapohisi kuguswa. Alishika kijiti chenye uzi mgumu kama wa kuvulia samaki. Akagusa kidole gumba. Akagusa unyayo. Akagusa kisigino. Akabadilisha mguu, akarudia kote.

"Anza basi, mwanangu," shangazi akasema, macho bado yamefumbwa. "Nina wateja wananisubiri."

Daktari alinitazama. Sikujua niweke wapi uso wangu. Muuguzi akampima sukari kwa tone la damu, akaangalia kipimo, akampima tena.

Kisha tukaletewa picha ya eksirei ya mguu. Daktari aliiinua dirishani. Mifupa ilionekana yote, na ndani ya kiungo cha kidole gumba palikuwa na mstari mfupi, mweupe kuliko mfupa, umenyooka. Mimi ndiye niliyeutambua kabla hajauonyesha kwa kalamu.

"Ni chuma," daktari akasema. "Kama ncha ya sindano."

"Sindano si ya kwangu," shangazi akasema. "Kwangu hakuna ncha inayopotea, muulize huyu. Huo uvimbe ni kitu kingine. Hiyo labda ni ya jana, nilikwenda bombani bila viatu."

"Jana?" Daktari akaanza kuandika. "Kama ni jana, leo naweza kusafisha, nikupe dawa, urudi Jumatatu tuone. Kama ni ya siku nyingi, mambo ni mengine kabisa. Usaha unakuwa umeshaingia mfupani. Utakwenda hospitali kubwa sasa hivi."

Kalamu ilikuwa karatasini. Shangazi alikuwa ameshaketi, anatafuta ndala kwa macho.

"Ni siku tisa," nikasema.

Hawakunisikia. Nikasema tena, na safari hii sauti ilitoka kubwa mpaka muuguzi akageuka. "Ni siku tisa, Daktari. Niliivunja mimi, Jumanne ya wiki iliyopita. Ncha niliyomwonyesha shangazi haikuwa yenyewe."

Nilingoja kofi, au tusi. Shangazi hakunitazama. Alikuwa anatazama mguu wake kama mtu anayetazama mgeni aliyemkuta amelala kitandani mwake.

"Siku tisa," akasema. "Nimekanyaga cherehani siku tisa. Nilikuwa naisukuma ndani mwenyewe."

Daktari alichana ile karatasi, akaandika nyingine. Alituambia sukari ikikaa juu miaka mingi huua mishipa ya fahamu, ikianzia miguuni, na mtu huona raha kwamba haumwi. Shangazi hakuwa anachechemea kwa maumivu. Alikuwa anachechemea kwa sababu kiungo kilijaa usaha, kikakataa kukunja.

Walimkata kidole gumba jioni ileile. Mguu ulibaki. Daktari wa upasuaji alituambia ukumbini, bila kupunguza makali, kwamba angechelewa mpaka Jumatatu wangekata chini ya goti.

Sasa shangazi anatembea kwa kuegemea nje ya unyayo, kwa sababu mguu bila kidole gumba hauna cha kusukumia. Anavaa viatu vya kufunika mguu, hata kwenye cherehani. Hajanigombeza mpaka leo, na natamani angenigombeza.

Kila asubuhi, kabla ya kazi, ninaketi sakafuni na kupakata miguu yake. Ninafungua vidole kimoja kimoja, ninapapasa nyayo kutafuta joto la kidonda kinachoanza.

"Unaona nini?"

"Hamna kitu, shangazi."

"Sema kwa sauti. Macho ni yako, mguu ni wangu."

Jana, nilipomaliza, nilibonyeza kovu kwa ukucha. Sijui kwa nini. Nilibonyeza kwa nguvu, mpaka ukucha wangu ukauma, nikimtazama usoni. Alikuwa anasoma vipimo vya sketi, midomo inacheza, na alipofika mwisho akanyoosha mkono aombe chaki.