Chumba cha Ayo Kali

Simu ya Hirbo iliingia Kadra akiwa amepiga magoti anasugua zulia, na kabla kaka yake hajamaliza salamu, moyo wake ulishajua kuna jambo. Mama yuko njiani, Hirbo akasema. Amesikia wageni wa Nairobi wanakuja kupiga picha nyumba ya binti yake, akauliza ni nani atakayewapokea. Wageni wataingiaje nyumba ambayo mama hayupo? Amepanda gari la asubuhi, na kwa kuwa hana simu, hakuna wa kumrudisha.

Kadra akabaki hapo hapo chini. Wageni hao alikuwa amewaomba mwenyewe, na kuwabembeleza. Walikuwa na kipindi cha televisheni cha kuingia majumbani mwa watu mashuhuri, na mtangazaji wao, Mitchelle, alikuwa na kauli ambayo hata watoto wa Garsen, mji wake Kadra, walikuwa wakiiigiza: nionyeshe sebule yako nikwambie u nani. Kadra alitaka naye aambiwe. Alikuwa na makochi ya rangi ya krimu, dari la jipsam lenye taa za buluu, televisheni pana kama mlango, na zulia jeupe, jeupe kabisa, katika mji ambao mvua ikinyesha tope lake jeusi humvua mtu viatu. Ukimuuliza kwa nini jeupe, anakwambia hiyo ndiyo staili yake. Haya.

Lakini umaarufu wenyewe haukutoka sebuleni. Ulitoka chumba cha nyuma, huko alikokuwa akirekodi video za Ayo Kali, bibi wa Kiorma ambaye Kadra mwenyewe humwigiza, anayekaa juu ya kigoda akiwasimanga wageni wake mmoja mmoja. "Mgeni gani huyu amekuja na njaa yake?" huuliza Ayo Kali, na mgeni hutoka mbio na tumbo lake tupu, na nchi nzima hucheka. Ayo, kwa lugha ya kwao, ni mama. Na Ayo Kali alikuwa mama yake Kadra hasa, kwa sauti, kwa kikohozi, hata kwa namna ya kunyoosha kidole.

Vitu vyenyewe pia vilikuwa vya mama. Kila alipokwenda kumsalimia kijijini, upande wa Ndera, Kadra alirudi na kimoja: leo kigoda, siku nyingine mkeka, mara ya mwisho kibuyu cha maziwa chenye mkanda wa ngozi ulioshonwa kauri. Mama alitafuta, akawalaumu wajukuu, akachoka. Kisha mto ukafurika ukaichukua nyumba nzima, mama akahamia kwa Hirbo, na tangu hapo akaamini kwamba chochote kisichoonekana kilikwenda na maji. Kadra hakumsahihisha.

Hilo lilimlinda miaka yote, hilo na mama kutokuwa na simu. Sasa aliona mwisho wake. Mama akijua kwamba binti aliyemzaa anamgeuza kichekesho, hatapiga kelele. Kelele za mama zilikuwa za mapenzi tu. Uchungu wake ndio uliokuwa wa kunyamaza: angeinuka, angevaa kandambili zake, angerudi kwa Hirbo, na mlango huu asingeukanyaga tena. Kadra aliogopa ukimya huo. Akafunga chumba cha nyuma, akafundika ufunguo kwenye pindo la leso yake.

Mama, ambaye jina lake ni Asli, ndiye aliyetangulia kufika. Alilitazama kochi, akalibonyeza kwa kidole, akasema kitu hiki kinameza watu, na akaketi zuliani akiegemea ukuta. Akauliza wageni wanakuja saa ngapi na wameandaliwa nini. Kadra akamjibu kuna soda na keki.

Wageni wakaingia, Mitchelle mbele, na nyuma yake Tsuma wa kamera, kijana wa Kigiriama mwenye kucheka haraka. Kazi ikaanza. Kadra akaonyesha taa, akaonyesha makochi, akaeleza maua ya plastiki yametoka wapi. Mitchelle alikuwa akitikisa kichwa kwa adabu, ile adabu ya mtu anayesubiri chakula kingine. Mwishowe akamvuta Kadra kando, akamwambia kwa upole kwamba sebule hii ameiona katika hoteli kumi. Ni nzuri, lakini mwenyewe hayumo. Kile chumba cha Ayo Kali kiko wapi?

Kadra akasema ufunguo umepotea. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye pindo la leso.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufika hata mlangoni. Tsuma, baada ya kuweka kamera chini, alikwenda kumwamkia yule mama aliyekaa peke yake. Akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba. Kijana alikuwa shabiki, na alipomwona bibi wa Kiorma ndani ya nyumba ile, ulimi ukamponyoka. Akanyoosha kidole kama Ayo Kali, akakohoa, akasema kwa furaha: "Mgeni gani huyu amekuja na njaa yake?"

Mama akajiinua kutoka ukutani alikoegemea.

"Maneno hii umetoa wapi?" akauliza. "Hii maneno yangu."

Tsuma, masikini, alidhani ni mzaha unaendelea. Akatoa simu. Kadra akanyoosha mkono aipokonye, akachelewa. Sauti ya mama ikajaa sebuleni ikitoka kwenye simu, na mama mwenyewe akaiinamia, akatazama mpaka mgeni wa kwenye video akatoka mbio. Mitchelle alikuwa ameshaelewa, akaangalia chini. Mama akanyamaza, ukimya ule ule, na Kadra akahisi nyumba yote na taa zake inamwangukia.

"Fungua," mama akasema.

Kadra akafundua pindo, akafungua. Mama akasimama kizingitini akikitazama kigoda chake, mkeka wake, kila kimoja kimewekwa kama kilivyokaa nyumbani kwake kabla ya mafuriko. Hakuuliza vimefikaje. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibuyu, akakivua kifuniko, akatia pua. Kibuyu cha maziwa hufukizwa kwa makaa ya mti mzuri, na mwanamke wa ng'ombe hukijua chombo chake kwa harufu hata gizani. Akanusa tena. Hapakuwa na moshi wala maziwa, ila vumbi.

"Watu ngapi naona hii?" akamuuliza Tsuma.

Tsuma akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni wengi, mama, ni malaki.

"Hao yote najua mimi ni mama nafukuza mgeni bila maziwa?" Akamgeukia binti yake. "Kadra. Mimi nasema maneno ile, mkono namimina. Maneno umechukua. Maziwa umeacha wapi?"

Kadra alikuwa amejiandaa kwa kila lawama isipokuwa hilo. Akakimbilia friji yake ya milango miwili: soda, maji ya chupa, keki. Akatoka peku mpaka stendi, kwa kina mama wauza maziwa, akarudi amekumbatia mtungi mdogo wa plastiki wa manjano, anahema, analia waziwazi.

Mama alikuwa ameketi sebuleni tena, na wageni mbele yake. "Washa mashine," akamwambia Tsuma. "Watu ione." Akamimina maziwa ndani ya kibuyu chake cha zamani, na kutoka humo akamjazia Tsuma kikombe. "Mgeni gani huyu amekuja na njaa yake?" akasema, kidole juu, na hakuna aliyecheka. Tsuma akanywa yote.

Lakini kibuyu kilikuwa kimekauka miaka mingi, kikapasuka ufa bila mtu kujua. Maziwa yakaanza kudondoka kwenye lile zulia jeupe. Kadra akapiga magoti, akakinga kiganja chini ya ufa. Kiganja kikajaa, yakapenya kati ya vidole, naye asijue ayamwage wapi.

Mama akakisukuma kiganja kile kuelekea mdomoni mwa binti yake.

"Kunywa," akamwambia kwa Kiorma. "Na wewe umekuja na njaa yako."