Hamido Bila H

"Na faili hili nalo lifute," nilimwambia Nasrin. "Limepitwa na wakati."

Uwongo mtupu. Ila wivu ulikuwa umenikaba, na wivu wangu, jamani, hauna haya.

Mfumo ule wa kompyuta niliutengeneza mimi, hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ili watu waliopotezana vitani watafutane. Mtu anakuja kwenye ofisi ya chama chetu, anataja jina, tunalitafuta katika orodha za waliokimbia. Fomu yake niliijenga juu ya cgi, moduli ya zamani ya Python, lugha ya kuandikia programu. Wenye Python walitangaza miaka mapema kwamba wataiondoa. Onyo lao nikalifumbia macho. Toleo jipya likaja, cgi haimo, fomu ikafa.

Ndipo Fauzi, mkuu wetu, akamwita Nasrin kutoka Mtwara. Alivuka mpaka pale Namoto Jumatatu. Alhamisi fomu inafanya kazi.

"Huyu binti ni moto!" Fauzi akasema, nami nimesimama pale pale. Miaka minne, mimi hajaniambia hata hongera.

Faili lenyewe lilikuwa la majina. Makarani wetu huandika Kireno, na h ya Kireno haitamkwi: Hamido anaandikwa Amido. Shaibu naye anakuwa Xaibo, maana sh yao ni x. Faili langu ndilo lililounganisha Hamido na Amido, Shaibu na Xaibo. Mtu wa Mtwara angejuaje? Akalifuta.

Kesho yake akaja Bi Mwanaamina kumwulizia mwanawe, Hamido. Asubuhi ile tulikuwa tumeingiza orodha mpya ya waliokimbilia kisiwa cha Rongui, na mimi nilishaona kwa macho yangu: Amido wa Mwanaamina. Nasrin akatafuta, akarudia tena.

"Hayumo, mama. Pole."

Nikamwona Nasrin anavyoona aibu, moyo wangu ukafurahi. Haki ya Mungu, ukafurahi. Bi Mwanaamina akavaa ndala zake akaenda.

Siku tisa nilinyamaza. Ya kumi dhamiri ikanishinda. Nikalirudisha faili kutoka kwenye nakala yangu, Amido akatokea, na namba ya simu.

"Dada Zuleica, umetuokoa!" Nasrin akanikumbatia. Fauzi naye akanipa hongera, mbele ya watu wote. Nikaipokea.

Tukamwita Bi Mwanaamina, tukampigia Hamido, tukampa mama simu. Alisikiliza kwanza, kisha akakaa chini sakafuni.

"Hamido," alisema, "nisamehe, baba. Juzi nimekusomea hitima."