Bonde Lisilo na Pini

Mume wangu amesoma tafiti mia sita na kumi na mbili kuhusu mafuriko ya ghafla na jinsi yanavyochonga mabonde. Idadi naijua kwa sababu kila utafiti ulikula pini yangu moja. Mimi ni fundi cherehani. Alinimalizia pini zote akizichomeka kwenye ramani pale sebuleni, kila moja mahali ambapo mtafiti aliwahi kufika.

"Unaona mambo yanavyobadilika?" alikuwa akiniambia, uso umechangamka. "Zamani walipima kwa miguu. Siku hizi ni picha za setilaiti."

Mimi nilichoona ni kwamba sina pini. Lakini nilimpenda hivyo hivyo, na ubishi wake.

Ripoti aliyoandika kutokana na ramani hiyo ikaenda ofisini kwao, idara ya maafa, na ofisi ikaifuata neno kwa neno: ving'ora vitano vya kuwaonya watu vikapangiwa mabonde yenye pini nyingi. Wiki iliyofuata mama yangu alikuja kututembelea. Akavaa miwani, akasimama mbele ya ramani.

"Kwangu ni wapi, baba?"

Mume wangu akamwonyesha bonde tupu. "Huko hakuna shida, mama. Hakuna hata utafiti mmoja."

"Na yale mawe ya uani, makubwa kuliko kabati hili, yalikuja kwa miguu?"

Mume wangu akaigeukia ramani.

"Yaliletwa na maji," mama akaendelea. "Nilikuwa na mimba ya huyu. Mvua ilinyesha huko milimani, kwetu jua linawaka."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Hukuniuliza. Kila ukipiga simu unaniuliza habari za kuku."

Ningecheka, ila nilimwona mume wangu alivyonywea. Miaka miwili alihesabu walikopita watafiti, akadhani ndiko yanakopita maji.

Kesho yake alikwenda kuyapima yale mawe kwa futi kamba. Aliporudi, matope hadi magotini, akampigia simu mkuu wake. Mkuu alimsikiliza vizuri, kisha akamwambia ving'ora vimeshagawiwa. Kingine ni mwakani. Mvua zilikuwa zimebakiza wiki tatu kuanza.

"Basi mama atakaa hapa," nikasema.

"Na majirani zangu?" mama akauliza. "Wao hawana mkwe mwenye ramani."

Mume wangu hakubishana. Aliomba likizo, akaanza kukunja mashati yake, vibaya kama kawaida.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kwa mama, mpaka mvua ziishe. Kila siku nitapanda juu kuangalia mto. Nikiona maji yanakuja, nitawapigia mluzi."

Nikampokonya shati, nikalikunja upya.

"Mama, huyu hajui kupiga mluzi."

Mama akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo yake.

"Nitampa sufuria aigonge," akasema. "Ile kubwa."